Ndege ya Bagalu

Justa hakuwa mtu wa kununa. Akikasirika alisema, na akishasema aliendelea na kazi zake. Lakini juma lile la mashindano ya ngoma alinuna mpaka majirani wa mtaa wa Pasiansi wakaanza kuulizana kichinichini kama kuna msiba, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mwenyewe. Msiba ulikuwa bado. Hilo ndilo lililomkata maini: watu wazima, wenye akili zao na mvi zao, walikuwa wameukalia kikao huo msiba, wameupangia siku, na wameuita burudani.

Mumewe, Mihayo, alikuwa rubani. Baba yake Mihayo, mzee Nkwabi, alikuwa manju, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo wa kundi la ngoma la Bagalu. Na mzee Nkwabi alikuwa ameshindwa na kundi la Bagika, la manju Luhende, misimu kadhaa mfululizo.

Asiyejua ngoma za Kisukuma atauliza, kushindwa kwenyewe kunakuwaje. Pale hakuna mwamuzi mwenye filimbi wala alama za kuandikwa. Makundi mawili yanapiga ngoma kwa wakati mmoja katika kiwanja kimoja, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, na watu wanakwenda wanakotaka. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi, basi. Ndiyo maana mamanju hawalali. Mmoja ataleta chatu amvae shingoni, mwingine atakuja na fisi kamfunga kamba, mwingine atameza moto, na wote watapita kwa waganga kutafuta dawa ya kuvuta watu. Msimu uliopita Luhende alikuja na jenereta na spika mbili kubwa kama makabati. Watu wakamhamia wote. Mzee Nkwabi akabaki anacheza mbele ya wake zake na mbuzi wa jirani.

Na huu ulikuwa mwaka wa tisini na tano, mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, kila mtu Mwanza anahangaikia umati. Vyama vilitaka umati, wahubiri walitaka umati, wauza sabuni za kutoka nje walipita mitaani na magari yanayopiga muziki. Mzee Nkwabi akakaa, akawaza, akasema hao wote wana spika, lakini yeye ana mwana anayeruka.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mihayo alisomeshwa na serikali kurusha ndege za kunyunyizia dawa kwenye pamba na kuwafukuza kwelea kwenye mtama. Kazi hiyo aliifanya miaka mingi, akipita chini kabisa, magurudumu yakikaribia kugusa majani. Serikali ilipoanza kuuza mali zake, idara yake ikafungwa, na ndege zikanunuliwa na wenye uwezo. Mmoja wao alikuwa Chenge, mfanyabiashara wa mjini. Chenge alijipatia ndege mbili: moja ya viti vinne, ya kubeba wanunuzi wa dhahabu na vipuri vya viwanda vya samaki, na nyingine ile ile ya zamani ya dawa, ya kiti kimoja, yenye pua ndefu. Pamoja na ndege akamchukua Mihayo.

Justa alikuwa haichukii ndege. Hilo lieleweke, maana baadaye watu walimsema kwamba ni mwanamke mwoga wa kutoka Sengerema, aliyezoea kivuko. Uongo mtupu. Kabla hawajapata mtoto, Mihayo alimpandisha katika ile ya viti vinne siku moja asubuhi, wakatoka juu ya ghuba, mawe ya Mwanza yakabaki nyuma madogo kama kokoto, na huko katikati Mihayo akamwambia ashike kiti. Ndege ikabingirika. Ziwa likaenda mahali pa mbingu, mbingu ikaja miguuni, na Justa, ambaye alikuwa ameshafungua mdomo apige kelele, akajikuta anacheka. Alicheka mpaka machozi. Alimwambia arudie. Kwa siku kadhaa baadaye aliosha vyombo anatabasamu peke yake. Utamu wenyewe aliujua. Ndiyo sababu aliuogopa, na ndiyo sababu hakudanganyika Mihayo aliposema ni kazi tu.

Lile wazo la mzee, kwamba Mihayo arushe ndege mashindanoni avute watu, lilipofika nyumbani, Justa hakukataa moja kwa moja. Alimkalisha mumewe chini.

"Sikiliza, baba Kabula. Najua huwezi kumkatalia baba yako. Lakini utafanya juu ya maji. Si juu ya watu, si juu ya nyumba. Juu ya maji."

"Juu ya maji," Mihayo alikubali.

"Apa."

"Naapa kwa Kabula."

Kabula alikuwa binti yao wa pekee, hajaanza shule. Alikuwa sakafuni anamvalisha gunzi kitambaa, akainua kichwa kusikia jina lake.

Kiwanja cha mashindano kilikuwa uwanja wa zamani wa mnada wa ng'ombe, kando ya ziwa, mahali ambapo nyasi zinateremka taratibu mpaka majini. Siku ya kwanza watu walikuja kutoka Igoma, kutoka mjini, kutoka vijiji vya kando ya ziwa, wengine kwa baiskeli. Ngoma zikaanza. Luhende na spika zake akajaza upande wake mapema. Mzee Nkwabi hakujali. Alicheza mbele ya watu wake wachache huku anatazama juu, kajaa ujeuri, kama mtu anayesubiri mchumba.

Ndege ikaja, ile ya dawa. Mihayo alitii kiapo chake. Alibaki juu ya maji, mbali na ufuko, na huko alifanya mambo ambayo hata Justa hakujua kwamba anayaweza. Alipanda wima kama anakwenda kugonga jua, akasimama pale juu, injini ikanyamaza, kisha akaanguka kiubavuubavu, na watu wote wakashika vichwa. Akainuka karibu na maji. Akachora duara kubwa angani kwa moshi aliouwasha mwenyewe nyuma ya ndege. Akalala kichwa chini miguu juu akapita hivyo hivyo mbele ya ufuko mzima.

Watu walipata wazimu. Walikimbia. Na walikimbia wapi? Walikimbia majini. Waliacha spika za Luhende, waliacha duara la mzee Nkwabi, wakashuka wote mpaka ufukweni, wengine wakaingia na viatu vyao. Kiwanja kizima kikabaki na wachezaji na wapiga ngoma wakitazamana. Wazee wale walikuwa wamesahau jambo moja dogo, ambalo hata Kabula angewaambia: ndege inavuta watu waende iliko ndege.

Luhende, mjanja yule, hakupoteza muda kushangaa. Aliwaambia watu wake wabebe ngoma vichwani, wakashuka nazo mbio mpaka mchangani, wakaanza kupiga pale pale, katikati ya umati, chini ya ndege. Mihayo alipotua, siku ilikuwa ya Luhende. Umati wote uliovutiwa na mtoto wa Nkwabi ulikuwa unaimba nyimbo za Bagika. Nyimbo zenyewe zilimtaja mzee kwa jina na kumshukuru.

Justa alicheka, akajizuia, akacheka tena. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha salama. Mume yuko hai, kiapo kimetimia, mzee amepata somo. Alirudi nyumbani kupika.

Kabla ya magharibi mzee Nkwabi alikuja. Justa alipiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkamwana," mzee alisema, akapita, akakaa. Hakuzungumza mpaka amemaliza ugali na sato. Kisha akanawa mikono polepole, akamgeukia mwanawe.

"Mimi nimelima, Luhende amevuna. Kesho utakuja juu ya duara langu."

Mihayo alikuwa anakwangua kucha. "Baba, pale chini kuna watu."

"Ndiyo maana nakutaka pale. Watu wasimame kwangu wakutazame. Upite juu ya ngoma zangu, hapo hapo, wakuone macho. Unapita juu ya pamba chini hivi," mzee alipima kwa kiganja kutoka sakafuni, "unashindwa kupita juu ya baba yako?"

Justa alikuwa anakusanya sahani. Mkamwana haingilii maneno ya baba mkwe, hilo analijua kila msichana kabla hajaolewa. Aliingilia.

"Baba, unisamehe. Ile ndege ikilala kichwa chini, mafuta hayateremki vizuri. Injini inakohoa. Ameniambia mwenyewe. Ikizima juu ya maji, ataanguka kwenye maji. Ikizima pale, ataangukia watoto wa watu."

Mzee hakumtazama. Aliitazama sahani mkononi mwa Justa.

"Mkamwana, sato wako alikuwa mtamu sana," alisema, akainuka, akachukua fimbo yake, akaaga.

Sato. Justa alibaki na ile sahani, damu inamchemka mpaka masikioni. Angetukanwa, angejua la kujibu. Lakini kusifiwa samaki, mtu anapozungumzia uhai wa mumewe! Aliiweka sahani chini kwa adabu kabisa, maana angeiachia ingepasuka ukutani.

"Hutakwenda," alimwambia Mihayo.

"Mara moja tu, mama Kabula."

"Uliapa."

"Niliapa kabla Luhende hajamfanya baba yangu kichekesho. Umesikia zile nyimbo? Mji mzima utaziimba mpaka mvua zije."

"Waimbe. Nani amekufa kwa wimbo?"

Mihayo alipojibu, sauti yake ilikuwa imebadilika, na Justa akatambua kwamba sasa anasema kweli, na kweli yenyewe ilimtisha kuliko yote yaliyosemwa na mzee.

"Wewe ulipanda nami, unajua kulivyo. Mimi siku zote nabeba mizigo ya Chenge. Nakaa sawa kama dereva wa lori. Leo nilipogeuka kichwa chini nikaona watu wote wale wananitazama, nilijiona mtu. Miaka mingapi sijajiona mtu? Idara imekufa, wenzangu wanauza mitumba. Leo nimesikia nipo. Usininyime."

"Na ukifa?"

"Sifi."

Justa alikwenda kulala, akampa mgongo.

Asubuhi alimfuata Chenge ofisini kwake, akiwa na matumaini kwamba mwenye mali ataihurumia mali. Chenge alimpokea kwa soda baridi. Alikuwa na furaha kupita kiasi.

"Mama, mumeo ametutoa. Ndege yangu inazungumzwa mji mzima. Watu wa sabuni wamenipigia simu, wanataka jina lao lipakwe chini ya mabawa. Unajua akiwa kichwa chini litasomeka kwa juu? Tutalipaka pande zote."

Justa aliiacha soda bila kuigusa, akatoka. Njiani, anarudi kwa miguu juani, aliwapanga wote mstari mmoja kichwani mwake: mzee, Chenge, Luhende, umati mzima wa kiwanja, na Mihayo mbele yao wote. Hapakuwa na hata mmoja aliyemtakia Mihayo mabaya. Wote walimpenda. Wangempenda hivyo hivyo mpaka wamzike, kisha wangempenda zaidi.

Hapo ndipo alipopata lile wazo lake. Alikumbuka maneno ambayo Mihayo aliwahi kumwambia kuhusu kazi ya pamba. Alisema rubani wa dawa akimwona mtu katikati ya shamba, hata mmoja, hata kama ni mwizi, anavuta usukani na kupanda juu. Hapiti. Ni jambo ambalo mkono unafanya kabla kichwa hakijafikiri. Basi ikiwa mkono wa Mihayo hupanda kwa ajili ya mwizi wa pamba, ungefanya nini ukimwona Kabula?

Akamvalisha mtoto gauni la njano la kanisani.

Siku ile ya pili duara la mzee Nkwabi lilikuwa na watu wengi kidogo, maana habari zilishasambaa kwamba leo ndege itapita juu ya Bagalu. Wengi zaidi walikuwa bado kwa Luhende, wakisikiliza spika, tayari kuhama. Mzee alikuwa amevaa manyoya yake na njuga zake. Justa alipenya katikati ya watu, akiwa amemshika Kabula mkono, akavuka mstari wa wachezaji, akaingia ndani ya duara. Akafika katikati kabisa, mbele ya ngoma kubwa. Akatandika kanga chini. Akakaa, akampakata mtoto.

Wapiga ngoma walipoteza mapigo. Mkamwana kuketi katikati ya duara la manju, tena kanyoosha miguu, na mbele ya baba mkwe. Wanawake wa Bagalu walishika midomo. Mzee Nkwabi alikuja mpaka hatua chache kutoka alipokaa, akasimama, anatetemeka ndevu. Kumgusa asingeweza, mkwe hamgusi mkamwana wake. Alizungumza naye kwa kupitia kwa mtoto.

"Kabula, mwambie mama yako aondoke hapa."

"Kabula, mwambie babu haondoki mtu," Justa alijibu. "Mwambie ndege ikija itatukuta hapa."

Watu wa pembeni walisikia. Wakawaambia wa nyuma yao. Neno likakimbia kiwanjani kote kwamba mke wa rubani amekaa na mtoto katikati ya duara na anagoma kuondoka, na wale wa Luhende nao wakalisikia, wakaja kuona. Walikuja wengi. Walijaa, wakapandiana mabegani, vijana wakapanda miti ya mikaratusi iliyokuwa pembeni. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mzee Nkwabi alikuwa na umati kuliko Luhende, na ndege ilikuwa bado haijaja. Justa hakuliona hilo. Alikuwa anatazama juu.

Mzee alituma wanawake wamwinue. Walimshika mikono, akajifanya mzito kama gunia la chumvi, na wakati wanahangaika naye ngurumo ikasikika upande wa ziwa. Wale wanawake wakamwachia, wakakimbia.

Ndege ilikuja chini, ikinyooka kutoka majini. Justa alimwinua Kabula akamsimamisha juu ya mapaja yake, lile gauni la njano lionekane wazi. Tuone, alisema moyoni. Tuone sasa, Mihayo. Panda.

Kwa kitambo kidogo aliamini. Aliona pua ya ndege ikiinuka kidogo na moyo wake ukafunguka. Kisha bawa moja likazama, jingine likapanda, ndege ikageuka tumbo juu, ikaendelea kuja, na ilikuwa inashuka. Ilishuka chini ya vilele vya mikaratusi. Watu wakaanguka kifudifudi wote kama waliokatwa. Justa alimlaza mtoto akamfunika kwa mwili wake, lakini uso wake mwenyewe ulibaki umegeukia juu, haukukubali kulala. Ndiyo maana alimwona. Alimwona Mihayo ananing'inia katika mikanda yake, kichwa chini, meno yote nje, anapunga mkono.

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikanyamaza.

Pangaboi la puani lilionekana, mapanga yake yote, linazunguka kivivu. Ndege ikapita juu yao kwa mluzi wa upepo tu, ikajigeuza, ikatoweka nyuma ya miti. Justa alingoja mshindo. Alikuwa ameshausikia, ameshaona moshi, ameshaanza kilio cha mjane kooni, ndipo injini ikashika huko nyuma ya miti, ikanguruma, na ndege ikapanda.

Kelele zilizofuata hazijasikika Mwanza tena. Watu walikumbatiana na wasiowajua. Mzee Nkwabi alicheza kama kijana wa jando. Luhende mwenyewe alikuwa kule, anapiga makofi. Justa alibaki amekaa, anampapasa Kabula kichwa, mikono, miguu, kuhakikisha kila kitu kipo, na mtoto anamsukuma kwa sababu anataka kuona.

Mihayo aliletwa kutoka uwanja wa ndege kwa pikapu ya Chenge. Watu walimteremsha juu juu, wakambeba mabegani, wakaingia naye ndani ya duara. Alipomwona Justa akawaomba wamshushe. Alikuja mbio, akambeba Kabula akamrusha hewani.

"Niliwaona," alisema. "Lile gauni, tangu niko ziwani nililiona. Nikasema kumbe mama Kabula amenisamehe, amekuja na mtoto, tena wamekaa mbele kabisa. Nikashuka zaidi ili mnione uso."

Justa alimtazama.

"Nilikuja kukuzuia," alisema.

"Kunizuia vipi?"

"Nilimweka pale ili ukimwona usipite. Uliniambia humpiti mtu. Nikasema mwanawe hatampita."

Mihayo alimshusha mtoto taratibu. Rangi ilimtoka usoni, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, Justa aliona hofu machoni mwa mumewe. Alikuwa ameiona injini ikizima kama mchezo. Sasa aliiona upya, na mtoto wake chini yake.

"Ulimweka mwanangu chini ya ndege?" aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo, halafu haikuwa ndogo. "Justa, una kichaa? Ile injini ilizima. Ilizima kweli. Ungemuua mtoto."

"Ningemuua mimi?"

"Nani alimleta?"

"Na nani alikuwa juu?"

Walisimama hivyo, uso kwa uso. Lile neno la Mihayo lilimchoma Justa kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa amemcheza mtoto kamari, yeye, mwenye akili, aliyewaona wengine wote wajinga. Lakini kweli hiyo haikumpoza hata kidogo. Ilimzidishia hasira, maana sasa alikuwa na mtu mmoja zaidi wa kumkasirikia. Angalau Mihayo ameogopa, aliwaza. Angalau hilo. Mtu aliyeogopa hivi atakoma.

Mzee Nkwabi akafika, jasho linamtiririka, anacheka. Alikuwa amesahau hasira zake zote za mchana. Alimtazama Justa usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe na mwanawe.

"Mkamwana, nimekosa kukukasirikia," alisema. "Wewe ndiye umetuvutia watu. Wamekuja kabla hata ya ndege, nimewaona kwa macho yangu. Wanamtaka huyu mtoto. Kila mtu anauliza, yule binti wa gauni la njano ni nani." Akamgeukia Mihayo. "Kesho ni siku ya mwisho. Tufanye hivi hivi. Mtoto akae pale pale katikati, na wewe upite. Tutammaliza Luhende mpaka wajukuu zake."

Justa hakuwa na haja ya kusema, baba wa mtoto alikuwepo. Alimtazama Mihayo akangoja.

Watu walikuwa wamewazunguka kwa mamia, wanaliita jina lake kwa kuliimba, na Bagalu walikuwa wameshaanza wimbo mpya wenye jina hilo ndani yake. Chenge alikuwa juu ya pikapu, anapunga kofia. Mihayo aliwatazama. Macho yake yalipita juu ya vichwa vyote vile, mpaka mwisho kabisa kule ufukweni ambako watu walikuwa bado wanakuja, na Justa aliona jinsi uso ule uliokuwa umepauka kwa hofu unavyorudiwa na damu.

Hakungoja zaidi. Alikunja kanga yake, akamshika Kabula mkono, akaanza kupasua watu kuelekea barabarani. Kivuko cha jioni cha Sengerema wangekiwahi wakitembea haraka, na kwa mama yake kulikuwa na kitanda.

Alikuwa ameshavuka mstari wa wachezaji aliposikia sauti ya Mihayo nyuma yake.

"Hapana, baba. Mtoto, hapana."

Justa alisimama. Alisubiri asikie kama ataongeza neno lolote kuhusu ndege. Hakuongeza. Akamvuta Kabula, wakaenda zao.